Njiwa wa Ravenna: mwongozo kamili wa kutengeneza mozaiki isiyofanana na ukuta wa bafu

Picha mlizonitumia za mozaiki zenu, yaani picha za ukutani za vipande vidogo vya kioo na mawe, karibu zote zina kasoro ileile. Njiwa kachorwa vizuri, rangi zimechaguliwa kwa moyo, lakini ukisogea hatua tatu nyuma unaona bafu. Vipande vimelala sawasawa kama vigae, mianya imejazwa grauti nyeupe (ule uji wa saruji wa kuzibia mianya ya vigae) hadi juu, na mwanga ukipiga unateleza bila kushika popote. Na kuna ambao vipande vimeanza kubanduka kabla hata mwezi haujaisha.

Mikono yenu haina tatizo. Mmefuata maelekezo ya kuweka vigae, na mozaiki za makanisa ya kwanza hazikuwekwa kama vigae. Vipande vilizamishwa kimoja kimoja kwenye chokaa mbichi, vikapangwa kwa safu zinazofuata umbo la kiumbe, na vikaachwa viiname kidogo huku na huku. Humo ndimo uhai wa kazi ulimo, na ndiyo maana hatua ya 6 hapa chini ni ndefu kuliko zote. Msiiruke.

Tutatengeneza kibao cha sentimita 30 kwa 30: njiwa mweupe juu ya buluu ya usiku. Njiwa wa namna hii wamo katika jengo liitwalo kaburi la Galla Placidia, mjini Ravenna, Italia, la robo ya pili ya karne ya 5. Wako miguuni pa mitume, wanakunywa maji bakulini. Nimechagua buluu kwa sababu haidai dhahabu, na dhahabu ndiyo iliyowakwamisha wengi. Nitaigusa mwishoni.

## Vifaa

Vipande:
- Vigae vya kioo vya bwawa la kuogelea, vile vidogo vya sentimita 2 kwa 2: buluu iliyoiva, buluu ya kati, kijani cha bahari. Nunua buluu za aina tatu au nne, usinunue moja.
- Makombo ya marumaru nyeupe na ya kijivu. Karakana zinazokata meza za jikoni huyatupa, omba.
- Chupa moja ya kahawia na moja ya kijani.
- Ganda la chaza lenye mng'aro wa lulu, ukilipata.

Kitako na chokaa:
- Kigae kimoja cha sakafu cha sentimita 30 kwa 30, chenye mgongo mwekundu wa udongo. Usichukue porselini: haifyonzi maji, na chokaa haitaishika.
- Fremu ya mbao itakayokizunguka, iinuke milimita 25 juu ya mgongo wa kigae. Ipake vanishi, maana chokaa mbichi huipinda mbao.
- Chokaa ya unga, kilo 2.
- Mchanga safi, na unga wa marumaru uliochekechwa. Unga ukikosekana, tumia mchanga mwembamba mweupe usio na chumvi.
- Oksidi nyeusi na ya manjano, zile rangi za unga za kuchanganya na saruji ya sakafu.

Zana:
- Koleo la kukatia vigae, lile la magurudumu mawili.
- Nyundo ndogo, patasi ya chuma na gogo zito.
- Mwiko mdogo, kibanio, mswaki laini, sponji, chupa ya kunyunyizia maji.
- Miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi, glavu za mpira.

Miwani si hiari. Chembe ya kioo huruka bila sauti, na chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Watoto wasiwepo karibu siku ya kukata wala siku ya kuchanganya.

## Hatua ya 1: Loweka chokaa wiki mbili kabla

Weka chokaa ya unga kwenye ndoo, mimina maji hadi yaifunike vidole viwili, koroga, funika. Iache siku 14 au zaidi. Mafundi wa zamani wa Lamu na Unguja wanajua jambo hili bila kuambiwa: chokaa iliyolala muda mrefu majini huwa laini kama siagi, nayo hushika kuliko ile iliyochanganywa asubuhi ikatumika mchana.

Kwa nini tusitumie gundi ya vigae? Kwa sababu ya muda. Gundi ikishapakwa hutengeneza ngozi juu ndani ya dakika 20 au 30. Kwa macho bado ni mbichi, lakini kipande unachokiweka hakiingii ndani, kinalala juu ya ile ngozi. Hivyo ndivyo vipande vinavyobanduka. Kibao changu cha kwanza kilimwagika chote hivyo: nilikuwa nimepaka gundi eneo zima kwa mara moja, nikaweka vipande kwa saa tatu, na theluthi mbili ya vipande hivyo havikushika kitu. Chokaa iliyotunzwa kivulini hukusubiri saa kadhaa.

*Onyo:* usinunue chokaa hai ambayo haijazimwa. Ikikutana na maji huchemka, na chombo kinaweza kupasuka. Nunua iliyokwisha kuzimwa, ya mfuko.

*Imefaulu kama:* ukichota kwa mwiko na kuugeuza chini, chokaa inabaki imeng'ang'ania.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuweka kazi, ndipo uchore

Wengi huchora kwanza, kisha mwishoni wakatafuta ukuta. Mafundi wa makanisa ya kwanza walianza na jengo. Walijua madirisha yako wapi, jua linaingia saa ngapi, na waumini watasimama wapi. Ndani ya San Vitale, kanisa la Ravenna lililowekwa wakfu mwaka 547, mfalme Justinian wa Roma ya Mashariki na mkewe malkia Theodora wamechorwa kwa mozaiki kwenye kuta za pembeni za altare, kando ya madirisha, kwa hiyo mwanga huwafikia kwa ubavu. Mwanga wa ubavu ndio unaoonyesha kila kipande kilivyoinama. Mwanga wa mbele kwa mbele huua kila kitu.

Kwa hiyo tafuta ukuta ambao dirisha liko kushoto au kulia kwake. Andika kwenye uso laini wa kigae, ambao utakuwa nyuma ya kibao: "dirisha kushoto" au "dirisha kulia". Utaihitaji alama hiyo hatua ya 6.

Sasa chora njiwa kwenye karatasi, ukubwa uleule wa kazi. Mwili uwe na urefu wa sentimita 18 hivi. Mchoro uwe wa mistari michache: kichwa, mgongo, kifua, bawa moja, mkia, miguu. Usichore manyoya moja moja. Safu za vipande ndizo zitakazokuwa manyoya. Kisha, kwa kalamu ya rangi nyingine, chora mishale mwilini ikionyesha manyoya yanaelekea wapi: yatoke shingoni yaende mkiani, yazunguke kifua, yafunguke kwenye bawa kama kipepeo cha ukindu. Mishale hiyo ina thamani kuliko mchoro wenyewe.

## Hatua ya 3: Andaa kitako

Loweka kigae majini usiku mzima. Kikiwa kikavu kitanyonya maji ya chokaa na kuiacha unga.

Changanya chokaa iliyolowekwa kipimo 1 kwa mchanga wa kawaida vipimo 3. Paka kwenye mgongo wa kigae unene wa milimita 8, ukiisukuma kwa nguvu iingie kwenye vijistari vya kigae. Kabla haijakauka, ikwaruze kwa uma, ukikatisha mistari huku na huku, ili tabaka lijalo lipate pa kushika. Funika kwa kitambaa kibichi, acha siku 5 hadi 7 kivulini.

*Imefaulu kama:* ukigonga kwa kucha unasikia mlio mmoja kila mahali. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi, hapo pameachana. Kwangua, lowesha, rudia. Usijidanganye kwamba tabaka la juu litaficha.

## Hatua ya 4: Kata vipande

Utahitaji vipande kama 1,100 vya milimita 8 hivi, na vingine vidogo vya milimita 4 au 5 kwa kichwa. Kata robo tatu kabla ya kuanza kuweka. Ukikatakata huku chokaa inasubiri, haraka itakuharibia kazi.

Kioo kikate kwa koleo. Marumaru ikate kwa njia ya zamani, ambayo bado inafundishwa Italia: patasi ikazwe kwenye gogo, makali yakiangalia juu, shika jiwe kwa kidole gumba na cha shahada, lilaze juu ya makali, kisha lipige kwa nyundo taratibu, sawa na yalipo makali chini. Huhitaji nguvu. Ukisikia "tik" kavu, jiwe limefuata mstari. Ukisikia "puf", umepiga pembeni na umepata kokoto.

Chupa zifunge ndani ya taulo nene kabla ya kuzivunja.

Na sasa jambo ambalo katika picha zenu sijaliona hata mara moja. Kigae cha kioo kina uso laini wa kiwandani, na nyote mmeuelekeza uso huo juu. Mafundi wa Ravenna walitumia kioo kizito kilichomiminwa kama chapati nene, wakakikata, na mara nyingi wakageuza upande uliovunjika uangalie juu. Upande uliovunjika una mawimbi madogo, na kila wimbi hushika mwanga. Wewe fanya hivi: kata kigae cha bwawa kiwe vijiti vya upana wa sentimita 1, vikate tena, kisha kila kipande kisimamishe kwa ubavu. Utapata mstari mwembamba wa milimita 4 wenye buluu nzito kuliko uliyoiona dukani, na kwa kuwa kimezama kirefu ndani ya chokaa, hakitoki.

Panga vipande kwenye visahani kwa rangi. Nyeupe ya njiwa isiwe nyeupe moja: weka marumaru safi, marumaru yenye manjano kidogo, kijivu, na buluu hafifu sana kwa upande wa kivuli. Mandhari ya buluu nayo ichanganye. Kila buluu nne za aina moja, tia moja ya aina nyingine, na mara mojamoja kijani cha chupa. Kwa karibu itaonekana kama fujo. Kwa mbali itapumua.

## Hatua ya 5: Paka tabaka la siku moja tu

Changanya chokaa iliyolowekwa kipimo 1 kwa unga wa marumaru vipimo 2. Kwa sehemu ya buluu, ongeza oksidi nyeusi kidogo hadi ifikie kijivu cha mawingu ya mvua. Chokaa nyeupe katikati ya buluu ni kama nyuzi za chandarua. Jicho litaona nyuzi badala ya anga.

Lowesha kitako. Paka milimita 10, lakini eneo la sentimita 12 kwa 12 tu. Hiyo ni nafasi ya vipande kama 180. Mimi huweka vipande 60 kwa saa nikiwa sina haraka, kwa hiyo ni kazi ya saa tatu. Ukimaliza siku, kata ukingo wa chokaa iliyobaki kwa kisu, uitupe, na kesho lowesha ukingo huo kabla ya kuendelea.

Rudishia mchoro kwa kuuweka juu ya chokaa na kuupitia kidogo kwa msumari. Walifanya vivyo hivyo: walichora moja kwa moja kwenye kuta kabla ya kuweka vipande. Katika kanisa la Sant'Apollinare in Classe, nje kidogo ya Ravenna, warekebishaji walikuta chini ya mozaiki michoro ya matayarisho yenye msalaba na ndege, mahali ambapo mozaiki yenyewe ina kondoo. Wazo lilibadilika njiani. Nawe ukiona shingo ya njiwa inahitaji kuinama zaidi, badilisha sasa, chokaa ikiwa bado mbichi.

## Hatua ya 6: Weka vipande

Hapa tulia. Nitaeleza mambo manne, na kila moja lina sababu yake.

Anza na jicho. Kipande kimoja cheusi au cha kahawia nzito, milimita 4. Kisha kizungushie vipande vidogo vyeupe vitano au sita, kila kimoja kimekatwa kiwe chembamba upande wa ndani kama kipande cha chungwa. Jicho likikaa sawa, kichwa kizima kitajipanga kulizunguka. Likikaa vibaya, ng'oa sasa hivi, sawazisha chokaa, rudia. Mimi nimewahi kuling'oa jicho moja mara nne, na sijutii hata moja.

Fuata safu. Kutoka kichwani, weka safu moja inayopita ndani ya mstari wa nje wa njiwa: shingo, kifua, tumbo, mkia, mgongo, irudi. Kisha jaza ndani kwa kufuata ile mishale uliyoichora. Usijaze kama unayejaza shimo. Weka safu nzima, kisha safu inayofuata kando yake. Mwanya kati ya kipande na kipande ndani ya safu uwe mdogo sana, kama unene wa kadi ya simu. Mwanya kati ya safu na safu uwe mkubwa kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoliongoza jicho kusoma manyoya. Mianya yote ikilingana, safu zinakufa na bafu linarudi.

Njiwa akikamilika, mzungushie kwa nje safu mbili za buluu zinazofuata umbo lake. Safu hizi humtenga na anga, ni kama amevaa hewa. Baada ya hizo mbili ndipo mandhari yaendelee kwa safu za mlalo. Tazama picha yoyote nzuri ya mozaiki za Ravenna kwa karibu utaziona safu hizo kuzunguka vichwa na mabega. Ukishaziona mara moja, utaziona kila mahali.

Zamisha theluthi mbili. Sukuma kipande hadi chokaa ipande ubavuni mwake, lakini isifike juu. Marumaru ilowekwe kwanza. Kioo kiwe safi na kisicho na mafuta ya vidole. Ukiona chokaa haipandi tena, imeanza kukauka: acha hapo, kata ukingo, umemaliza siku. Na usije ukabandika bao juu ya kazi ili kuisawazisha. Nimeona picha mbili za kazi ambazo hadi hapo zilikuwa nzuri, kisha mwenyewe akaja na ubao na nyundo ya mpira akazilaza zote.

Inamisha. Soma ile alama nyuma ya kibao. Kama dirisha liko kushoto, vipande vingi vya mandhari viinamie kushoto kidogo na chini kidogo, kumwelekea mtazamaji. Nasema kidogo: upande mmoja uwe juu kuliko mwingine kwa milimita moja, basi. Na visiiname vyote sawa. Bonyeza kimoja kwa gumba, kinachofuata kwa kucha, cha tatu kiache wima. Kwa mwili wa njiwa, punguza: kifua kiwe karibu tambarare, bawa liiname zaidi. Hivyo anga litametameta na njiwa atatulia, na huo ndio utofauti tunaoutafuta.

Kama una ganda la chaza, weka vipande viwili vitatu kwenye bawa. Mafundi wa San Vitale walilitumia katika vito vya Theodora.

*Imefaulu kama:* zima taa, washa tochi ya simu, ishike kando ya kazi na uisogeze polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Vipande viwake kwa zamu, kundi hili likizimika lile linawaka. Vikiwaka vyote pamoja, umevilaza. Chokaa ikiwa bado mbichi, rudi ubonyeze upya. Una nafasi ya saa moja hivi.

## Hatua ya 7: Usitie grauti

Sehemu hii ni fupi kwa sababu hakuna cha kufanya. Chokaa iliyopanda ubavuni inatosha kushika. Mianya iliyo wazi hutengeneza vivuli vyembamba, na vivuli hivyo ndivyo vinavyokitenga kipande na kipande. Ushauri wa kutia grauti ni sahihi kwa sakafu na bafu, ambako maji na uchafu vingeingia. Kazi hii ni ya ukutani, ndani ya nyumba.

## Hatua ya 8: Safisha na uache ikomae

Siku inayofuata kila kipindi cha kazi, toa chokaa iliyobaki juu ya vipande kwa kijiti cha mbao na mswaki wenye maji kidogo. Usisubiri wiki, itakuwa jiwe.

*Onyo kubwa:* usitumie asidi ya kusafishia vigae. Marumaru ni jamii moja na chokaa, na asidi huzila zote mbili. Rangi itafifia, na shina la vipande litaoza bila wewe kuona.

Kazi ikikamilika, ifunike kwa kitambaa kibichi bila kukigandamiza, ndani ya nyumba, mbali na jua na upepo. Nyunyiza maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Chokaa haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na inahitaji unyevu ili iweze kuivuta. Ukiianika juani itapasuka nyufa nyembamba kama za tope la kiangazi. Baada ya siku hizo 7 ondoa kitambaa, acha wiki nyingine tatu kabla ya kuisimamisha.

Kibao kitakuwa na uzito wa kilo kadhaa. Kikalishe kwenye rafu kikiwa kimeegemea ukuta, au kishikwe na vyuma viwili chini. Msumari mmoja na uzi havitoshi.

## Kwa wanaotaka dhahabu

Dhahabu ya makanisa hayo ilikuwa jani la dhahabu halisi lililofungwa kati ya kioo cha chini na kioo chembamba sana cha juu. Kwa hiyo haikuguswa na hewa wala chokaa. Mnaobandika jani la bandia nyuma ya kioo mnashangaa kwa nini linageuka kijani: ni shaba na zinki, na chokaa mbichi inalishambulia.

Kuna njia ninayoipenda zaidi. Chukua chupa ya kahawia, kata vipande, na chini yake tia chokaa iliyochanganywa na oksidi ya manjano. Mafundi wa kale nao mara nyingi walipaka nyekundu au manjano chini ya dhahabu ili mwanya usiikate rangi. Zungushia kichwa cha njiwa safu moja ya vipande hivyo, viiname kuelekea dirishani. Saa kumi na moja jioni, jua likiingia kwa ubavu, kiti kivute pembeni na uitazame safu hiyo moja hadi giza liingie. Kama imewekwa sawa, itakuwa ya mwisho kuzimika chumbani.